Rehema Uani kwa Jirani

Mkatoliki ahamiaye Dar es Salaam kutoka Bukoba, Sumbawanga, Songea au Moshi, akafika parokiani kuomba mwanawe abatizwe au ndoa yake itangazwe, huulizwa kwanza swali ambalo huenda hakulitazamia, haulizwi kabila lake wala kazi yake, huulizwa: "Uko jumuiya gani?" Asipokuwa na jibu, katekista humwelekeza arudi mtaani kwake, amtafute mwenyekiti wa jumuiya iliyo karibu na nyumba aliyopanga, ajiandikishe, asali na wenzake mpaka afahamike, ndipo aandikiwe barua, na barua hiyo ndiyo imfungulie mlango wa ofisi ya paroko. Wako wanaoliona jambo hili kuwa urasimu mtupu, na yapo ya kulalamikia ambayo sitayaficha. Walakini ndani ya utaratibu huo mna fikra kubwa, nayo ni kwamba imani iliyoenea duniani kote, yenye waumini wa kila rangi na kila lugha, haina mahali pa kuishi ila baina ya kaya kumi au ishirini zinazotumia bomba moja la maji, duka moja na njia moja yenye matope, miongoni mwa watu ambao muumini hakuwachagua.

Makundi haya, ambayo Tanzania na Kenya huitwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yanahesabiwa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki. Kila jumuiya ina somo wake, yaani mtakatifu ambaye imepewa jina lake. Ina mwenyekiti, katibu na mhazini. Na hukutana aghalabu mara moja kwa juma katika nyumba za wanajumuiya kwa zamu, leo kwa mwenye nyumba ya vigae, juma lijalo kwa mpangaji wa chumba kimoja. Juu yake kuna kanda, kigango, parokia, dekania na jimbo. Lakini mtu akiuguliwa na mtoto usiku wa manane hafikirii dekania wala jimbo, hufikiri mlango wa nani agonge.

Nilipata kuketi katika mkutano mmoja wa namna hiyo, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika ua wa nyumba moja huko Mbagala, kabla jua halijaanza kuchoma mabati. Meza ndogo ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, juu yake msalaba na mshumaa uliokingwa upepo kwa kopo la maziwa lililokatwa upande. Wazee walipewa viti vya plastiki, sisi wengine tukaketi mikekani, na kuku wa mwenye nyumba wakapita katikati yetu bila ya kuomba radhi. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kimakonde auzaye samaki wa kukaanga; aliyesoma Injili alikuwa kijana wa Kihaya, fundi wa simu; katibu alikuwa mwalimu mstaafu, Mchaga wa Kibosho; na mwenyekiti alikuwa mama wa Kingoni, mshonaji wa nguo. Lau si jumuiya, watu hawa wangalipitana njiani kwa salamu tu, na pengine hata salamu isingalikuwapo.

Somo la siku hiyo lilikuwa lile la vibarua wa shamba la mizabibu, walioajiriwa wengine alfajiri, wengine adhuhuri, wengine saa kumi na moja jioni, kisha wote wakalipwa dinari moja. Fundi wa simu hakuridhika. "Samahani, Mama Mwenyekiti," akasema, "mimi naona wale wa asubuhi wamedhulumiwa." Mwalimu akataka kufafanua kwa mujibu wa kijitabu alichokuja nacho, lakini mjane mwenye nyumba, ambaye muda wote alikuwa akipepea mkaa wa jiko la chai, akamtangulia: "Mwanangu, yule wa saa kumi na moja hakuwa amelala kwake. Alisimama kutwa, hakuna aliyemwita. Naye ana watoto." Katika mji ambamo vijana wengi huamka kila siku kwenda kusimama penye ujenzi wakitazamia kuitwa, maneno hayo hayakuhitaji nyongeza, na sidhani kuwa padre angaliweza kusema yaliyo bora zaidi.

Baada ya maombi yakaja matangazo, na hapo ndipo rehema ilipotoka katika maneno ikaingia kazini. Mzee mmoja wa mtaani, fundi seremala, alikuwa amelazwa hospitalini kwa kiharusi, na mkewe hana wa kumsaidia. Katibu akafunua daftari, akatazama, akasema kwa sauti ya chini kwamba mzee yule hajaonekana jumuiyani tangu Kwaresima na michango yake imesimama. Mwenyekiti akamjibu kwa adabu, maana katibu alikuwa mkubwa wake kwa umri: "Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini ugonjwa hausomi daftari." Zamu ikapangwa pale pale, nani apeleke uji asubuhi, nani alale na mgonjwa usiku, nani awapokee wajukuu watokapo shule; kikapu kikapita, zikaingia noti zilizokunjwa kwa staha ili asijulikane aliyetoa kidogo; chai ya tangawizi ikanywewa, na kabla ya saa mbili kila mtu alikuwa ameshika njia ya kazi yake.

Kanisa Katoliki huyahesabu matendo ya huruma kuwa 14, saba ya kimwili na saba ya kiroho. Sita katika yale ya kimwili yanatokana na sura ya 25 ya Injili ya Matayo, nayo ni kulisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika walio uchi, kuwakaribisha wageni, kuwatazama wagonjwa na kuwatembelea wafungwa. La saba, kuzika wafu, chimbuko lake ni Kitabu cha Tobiti, habari za yule mcha Mungu aliyekaa uhamishoni Ninawi, ambaye siku ya sikukuu aliacha chakula mezani akaenda kumchukua maiti wa mtu wa taifa lake aliyetupwa sokoni. Hili la saba kwetu ndilo lililo wazi kuliko yote, kwa sababu kufa mjini, mbali na ukoo, ni jambo la gharama na la kutisha: pana jeneza, pana turubai, pana gari la kumsafirisha marehemu mpaka kwao, na pana usiku ule wa kwanza ambao mfiwa hawezi kuketi peke yake. Jumuiya huketi naye. Ama katika yale ya kiroho, kufariji, kushauri, kusamehe na kadhalika, liko moja ambalo mahubiri hayaligusi sana, nalo ni kuwavumilia wasumbufu. Na yeyote aliyepata kukaa katika kamati pamoja na mtu asiyejua kufupisha maneno yake atakiri kwamba Kanisa halikukosea kulitia katika orodha.

Miaka ya UKIMWI ilipokuwa mibaya, wakati wagonjwa wengine walipotengwa na ahali zao hata vikombe vyao vikawekwa kando, Jimbo Kuu la Dar es Salaam lilianzisha mwaka 1992 huduma ijulikanayo kwa jina la PASADA, na huko Kampala parokia ya Mbuya ikaanzisha yake mwaka 2001. Huduma za namna hiyo zilihitaji watu wa kwenda majumbani, kumwogesha mgonjwa, kumgeuza kitandani na kuangalia kama amemeza dawa. Na wengi wa watu hao walikuwa wanawake wa kawaida wa mitaani, wasio na shahada wala mshahara. Akina mama wa WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1972, nao hawakosekani panapouguzwa mtu, panapolelewa yatima au panapopikwa kwa ajili ya matanga. Historia ya Kanisa letu huandikwa kwa majina ya maaskofu. Ingeandikwa kwa insafu, kurasa zake nyingi zingejaa majina ya akina mama hawa.

Watu wa asili mbalimbali kufanywa jamaa moja si jambo lililoanza juzi katika mwambao huu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokwisha kukaa Unguja, walivuka bahari mwaka 1868 wakajenga misheni Bagamoyo, na pembeni yake kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Fikiria jumuiya ile: watu waliotekwa sehemu mbalimbali za bara, wasio na ukoo mmoja, mila moja wala lugha moja ila Kiswahili, wakiwa wamepoteza kila jina na kila kaburi lililowatambulisha. Maisha ya kijiji kile yalikuwa na amri kali, kengele ya kuamkia na kengele ya kwenda shamba, na hata katika kuoana mkono wa mapadre ulikuwamo; mtu wa leo hatayasifu yote. Lakini Ukatoliki wa Tanganyika haukuanza na kabila moja lililoupokea kwa pamoja, ulianza na wageni watupu waliolazimika kujifunza kuwa ndugu.

Ng'ambo ya pili, kwenye Ziwa Viktoria, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879, wakaondoka mwaka 1882 kwa hofu ya hali ya mambo pale ikuluni, wakakaa kusini ya ziwa mpaka mwaka 1885. Waliporudi walikuta imani haikufa, bali imeongezeka. Yosefu Mukasa alikuwa akiwafundisha vijana wa ikulu, na huko Mityana Matia Kalemba na wenzake walikuwa wakikusanya watu majumbani, wakisali, wakinunua watumwa na kuwaacha huru, wakitunza wagonjwa, bila ya padre hata mmoja kuwapo. Walipouawa wengi miongoni mwao, na tarehe 3 Juni 1886 Wakatoliki na Waanglikana wakachomwa moto pamoja pale Namugongo, haikuulizwa nani wa kanisa lipi. Wakatoliki 22 katika mashahidi wa Uganda walitangazwa watakatifu mwaka 1964, na kila mwaka mahujaji humiminika Namugongo, wengine kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania na Rwanda.

Kwa hiyo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 wakaazimia kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo, na mwaka 1976 wakalifanya jambo hilo kuwa shughuli yao ya kwanza, hawakuwa wakibuni kitu kipya sana. Walikuwa wakikiri kwamba parokia yenye maelfu ya watu na padre mmoja haiwezi kuwa jamaa. Tanzania ilikuwa na sababu ya ziada, maana Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kuwafanya watu wazungumze juu ya kuishi na kufanya kazi pamoja. Askofu Christopher Mwoleka, aliyeongoza Jimbo la Rulenge tangu mwaka 1969 hata 1996, alilichukua neno hilo kwa uzito kuliko wengi walioliimba majukwaani: alikwenda kukaa katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akashika jembe pamoja na wakulima. Alifundisha kwamba fumbo la Utatu Mtakatifu hatukupewa ili tulitegue kama kitendawili, tulipewa ili tuliige, yaani tushirikiane maisha na mali kama nafsi za Mungu zinavyoshirikiana. Wengine walimwona kuwa ni mwotaji. Mimi namwona kuwa ni miongoni mwa Watanzania wachache waliothubutu kuyajaribu mafundisho yao kwanza juu ya miili yao wenyewe.

Nataka kukaa kidogo katika jimbo hilo hilo la Rulenge, kwa kuwa hapo ndipo habari hii ilipotiwa katika tanuri. Tarehe 7 Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalianza Rwanda, na tarehe 10 Aprili, siku tatu tu baadaye, Sinodi ya kwanza ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ikafunguliwa Roma, sinodi ambayo ililichagua wazo la Kanisa kuwa ni Familia ya Mungu. Rwanda ilikuwa nchi ya Wakatoliki wengi, yenye jumuiya ndogo kama zetu, watu wamesali pamoja miaka na miaka. Na bado jirani alimwua jirani, na waliokimbilia makanisani, Ntarama, Nyarubuye, Nyange, waliuawa humo humo. Padre aliyekuwa Nyange alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, mwaka 2008. Askofu mmoja kutoka Nigeria aliwaambia wenzake katika sinodi ile kwamba kwetu damu ya ukoo inaonekana kuwa nzito hata kuliko maji ya ubatizo, na sijui kama lilipata kusemwa neno lingine la kweli kuliko hilo katika ukumbi ule.

Mwishoni mwa Aprili, katika muda wa siku moja hivi, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, ndani ya jimbo hilo la Rulenge. Kambi ya Benaco ikaota nyikani kama mji, na hazikupita siku nyingi kabla wageni hawajawazidi wenyeji kwa idadi. Miti ikakatwa kwa kuni maili kwa maili, maji yakagombewa, mihogo ikang'olewa mashambani usiku. Wakulima wale wale ambao askofu wao alikuwa amewafundisha kushirikiana maisha sasa walitakiwa kushirikiana na umati, na katika umati huo walikuwamo wajane na watoto wasio na hatia, na walikuwamo pia watu walioua. Mwanakijiji aliyemgawia mgeni muhogo hakuweza kujua mikono inayoupokea ilikuwa imefanya nini juma lililotangulia. Huo ndio uso mgumu wa rehema, ambao picha za watakatifu ukutani hazituonyeshi: kwamba haingoji mpaka ihakikishiwe kuwa mpokeaji anastahili, na kwamba mtoaji hupata hasara ya kweli. Nchi ilichoka pia. Mwaka 1995 mpaka ukafungwa, na Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarudishwa kwao. Sitaki kuwapamba watu wa Ngara kwa sifa ambazo wenyewe wangezicheka, maana walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini katika zile siku za kwanza waligawa.

Upande wa Rwanda, kuelekea Yubilei ya mwaka 2000, Kanisa liliitisha sinodi ya kutazama ukabila, na watu wakakaa katika vikao walivyoviita gacaca ya Kikristo, ambamo mtu alisimama mbele ya majirani zake akasema alilolitenda au alilotendewa. Mwaka 2017 Papa Fransisko, alipompokea Rais wa Rwanda huko Vatikani, aliomba upya msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watoto wake katika mauaji yale. Msomaji asidhani kuwa mambo haya yamekwisha. Jeraha la namna hiyo haliponi kwa tamko. Lakini ikiwa kuna mahali ambapo mtu anaweza kujifunza kumwona jirani wa kabila jingine kuwa ni damu yake, mahali hapo hapana budi pawe padogo kiasi cha watu kutazamana machoni.

Baada ya kusema hayo, mtu ataniuliza, furaha iko wapi? Jibu langu ni kwamba aende katika sikukuu ya somo wa jumuiya. Misa huadhimishwa uani, chini ya turubai. Padre huvaa kanzu yake chumbani kwa mpangaji. Kwaya ya mtaa, ambayo haina kinanda, huimba kwa ngoma na kayamba mpaka vigelegele vinazima sauti ya mwimbishaji. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ndio uliofungua mlango ibada isaliwe katika lugha za watu, na Waafrika hatukuhitaji kusukumwa tuupite. Kisha chakula. Mama wa Kichaga huleta mtori, Mhaya huleta ndizi, na mwaka ukijalia, senene. Mmakonde hupika kisamvu kwa nazi. Na pilau haina kabila. Na mbuzi wa sherehe, jambo ambalo mgeni wa bara hulistaajabia na mtu wa pwani huliona la kawaida, huchinjwa na jirani Mwislamu, aliyeombwa tangu jana yake kwa heshima zote, ili majirani wote wa mtaa wapate kula bila ya kusita. Nimemwona mzee mmoja mwenye kofia ya vito akifuta kisu chake, akanawa, kisha akaketi kando ya katekista wakapiga soga za mpira mpaka sahani zikaletwa. Hakuna kati yao aliyemwomba mwenziwe abadili itikadi, na hakuna aliyeona kuwa yake imepungua.

Papa Fransisko aliandika juu ya furaha hii kwa mapana katika waraka wake wa Novemba 2013 juu ya furaha ya Injili, naye alikuwa mtu aliyependa kuyatia maneno yake miguu. Novemba 2015, siku chache kabla ya kuanza Mwaka Mtakatifu wa Huruma ya Mungu, alikuja Nairobi, akaenda Kangemi, mtaa wa watu wa hali ya chini, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, akausifu moyo wa kusaidiana ambao watu wa mitaa hiyo wanao na mitaa ya matajiri wameusahau, na papo hapo akalaumu wazi dhuluma inayowanyima maji na makao. Kutoka hapo alikwenda Uganda, kisha Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, nchi iliyokuwa ikichinjana kwa majina ya dini, na tarehe 29 Novemba akafungua Mlango Mtakatifu wa kanisa kuu la pale, siku tisa kabla hajafungua ule wa Roma. Kesho yake akaingia msikitini. Askofu Mkuu wa Bangui alikuwa amemhifadhi imamu wa mji ule nyumbani kwake, pamoja na jamaa yake, kwa miezi kadhaa wakati wa machafuko. Kwa ubwana wa kidunia ni jambo dogo, kugawa vyumba. Mimi nalihesabu kuwa hotuba kubwa kuliko zote zilizotolewa safarini mle.

Sasa niyafikie malalamiko niliyoahidi. Katika parokia nyingi jumuiya zimegeuka kuwa ofisi za kukusanyia michango. Sababu yake ina heshima, na ni haki ielezwe: mwaka 1973 maaskofu walitaka pia Kanisa lijitegemee, na kwa kuwa misaada ya ng'ambo si ya kutegemea, jengo la kanisa, gari la paroko, posho ya katekista na karo ya mseminari hutoka mifukoni mwa waumini, na njia ya kuifikia mifuko hiyo ni jumuiya. Lakini matokeo yake ni mkutano ambao sala huchukua robo saa na hesabu huchukua saa nzima, majina ya wadaiwa yakisomwa mbele ya watoto wao. Ni kijana asiye na kazi ambaye huacha kuhudhuria si kwa kukosa imani bali kwa kuona haya. Na katika visa vilivyo vibaya zaidi, ni familia yenye maiti ndani, inayoambiwa kuwa marehemu hakuwa mwanajumuiya hai. Wanaotetea ukali huo husema kwamba bila ya kanuni hakuna atakayechangia, na mimi siidharau hoja yao, maana nimewaona waliokula jasho la wenzao miaka mingi wakaja kudai huduma siku ya harusi. Hata hivyo waraka ule wa mwaka 2013 uliwaonya wachungaji kwa maneno makali wasiligeuze Kanisa kuwa forodha, na mjane wa Mbagala, ambaye sidhani kama amepata kuusoma, alikuwa amekwisha kutoa hukumu yake juu ya kibarua wa saa kumi na moja.

Lipo na lingine, la wanaume. Ziara katika jumuiya yoyote mjini itaonyesha mama kumi na mzee mmoja, na huyo mmoja aghalabu ndiye atakayechaguliwa mwenyekiti wa kanda. Wanaume husema Jumamosi ni siku ya kazi, kana kwamba akina mama siku hiyo hulala. Kisha siku ya msiba hujitokeza wengi, wamevaa vizuri, wakitoa maelekezo.

Viongozi wa jumuiya watakaosoma makala haya nawaomba jambo moja lisilohitaji ruhusa ya askofu wala fedha: katika ajenda ya Jumamosi ijayo, habari za wagonjwa, wafiwa na wageni waliohamia mtaani zitangulie, na michango ifuate mwisho, tena isomwe kwa jumla bila ya majina. Na wanaume, wakiweza, waje nao.